Mafunzo ya vitendo ya uchaplaini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hutoka kwa wachungaji, mapadre, watawa, walei na wanafunzi wa theolojia wanaofikiria kujiunga na CPE (Clinical Pastoral Education), mafunzo ya uchungaji yanayofanyika kando ya vitanda vya wagonjwa chini ya jicho la msimamizi. Mimi nimepitia yuniti nne, yaani vipindi vinne kamili vya mafunzo haya, na sasa kazi yangu ya kila siku iko wodini, kama chaplaini, mhudumu wa kiroho wa wagonjwa. Baadhi ya majibu ni marefu kwa sababu hayo ndiyo niliyotamani kuambiwa kabla sijaanza.

Mafunzo haya ni nini hasa?

Ni mafunzo ambayo mgonjwa ndiye kitabu. Unapangiwa wodi, unawatembelea waliolazwa pamoja na jamaa zao, kisha unarudi kwenye kikundi kidogo cha wanafunzi wenzako na msimamizi, mnachambua ulichofanya na ulichoacha kufanya. Halafu unarudi wodini. Kutenda, kutafakari, kutenda upya: huo mzunguko ndio mtaala wenyewe. Mihadhara ipo pia, kuhusu maombolezo, maadili ya tiba, hatua za maisha ya mwanadamu na jinsi familia zinavyobeba msiba, lakini inakuja kuusaidia mzunguko ule.

Wengi huyafananisha na mazoezi ya uwandani ya vyuo vya theolojia. Yanafanana kwa mbali tu. Kule utaulizwa umehubiri mara ngapi na umetembelea nyumba ngapi. Huku utaulizwa, "Ulipomwambia yule mjane anyamaze, wewe ulikuwa unaogopa nini?"

Yalianzia wapi?

Marekani, katika miaka ya 1920. Anton Boisen alikuwa mchungaji aliyepatwa na ugonjwa mkali wa akili mwaka 1920, akalazwa hospitalini kwa zaidi ya mwaka mmoja. Alipotoka alikuwa na hakika kwamba kanisa halikuwa na habari na watu wa aina yake: liliwaachia madaktari peke yao. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na Boisen alikuwa amekilalia. Mwaka 1924 akawa chaplaini wa Worcester State Hospital, huko Massachusetts, na kiangazi cha mwaka 1925 akapokea wanafunzi wanne wa theolojia. Aliwafundisha kumsoma mtu aliye mbele yao kwa uangalifu uleule wanaotumia kusoma maandiko matakatifu, kwa sababu kila mtu ni andiko hai.

Aliyemwunga mkono alikuwa daktari Richard Cabot wa Boston, ambaye mwaka huohuo wa 1925 aliandika akisihi kwamba kila mwanafunzi wa theolojia apate mwaka mmoja wa mafunzo kando ya wagonjwa, kama wanavyopata madaktari. Katika miaka ya 1930 chaplaini Russell Dicks, akifanya kazi na Cabot, aliikuza desturi ya kuandika mazungumzo na mgonjwa na kuyachambua. Vyama vinne vya mafunzo haya viliungana mwaka 1967 na kuwa chama kimoja cha kitaifa cha Marekani, ACPE. Uholanzi na Ujerumani nazo zilijenga mafunzo yao kutokana na mbegu ileile, na leo yapo katika mabara yote yanayokaliwa na watu.

Naieleza historia hii kila ninapopata nafasi kwa sababu ya jambo moja: mwanzilishi alikuwa mgonjwa kwanza. Mwanafunzi anayeingia wodini akijiona mzima anayekwenda kuwasaidia wabovu bado hajaujua mlango alioingilia.

Nina shahada ya theolojia na miaka kumi ya utumishi. Kuna haja gani ya kuanza upya?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi, na huulizwa kwa uchungu kidogo. Naliheshimu. Miaka kumi si haba.

Lakini fikiria methali yetu: mgonjwa haulizwi uji. Tumelelewa nayo. Mgonjwa haulizwi, anapewa. Nasi wahudumu tunampa: aya ya maandiko, sala, pole, ushauri, mfano wa mtu mwingine aliyeugua hivyohivyo akapona. Tunampa kwa upendo kabisa. CPE itakufundisha kumwuliza huyo ambaye haulizwi, kisha kungoja jibu. Kungoja ndiko kugumu. Mtumishi mwenye uzoefu ana majibu mengi tayari kinywani, na kila jibu lililo tayari linataka kutoka. Katika vikundi nilivyokaa, waliotaabika zaidi mwanzoni walikuwa wahubiri hodari, na waliobadilika zaidi mwishoni walikuwa haohao.

Theolojia yako haitupwi. Inaletwa kitandani na kuulizwa kama inaweza kusimama pale. Ukiamini kwamba Mungu hamwachi mtu wake, utaamini vipi ukiwa umekaa na mama ambaye mtoto wake wa tatu amefariki? Msimamizi mzuri hatakujibia. Atakaa nawe ndani ya swali mpaka ulipate jibu lako mwenyewe, au mpaka uweze kuishi bila jibu.

Yuniti moja ni saa ngapi?

Kwa kanuni za ACPE, ambazo nchi nyingi zimejifunza kutoka kwazo, yuniti kamili ina angalau saa 400, na kati ya hizo zisizopungua 100 ni za mafunzo yaliyopangwa: kikundi, mihadhara, kikao na msimamizi. Zilizobaki ni za huduma. Yuniti ya mfululizo huchukua wiki 10 hadi 12 ukiwa kazini kutwa. Ya kutawanywa huchukua miezi kadhaa, na inawafaa walio na ushirika au ajira. Vipo pia vituo vinavyotoa nafasi ya mwaka mzima, ambapo mtu hufanya yuniti tatu au nne mfululizo, mara nyingi akilipwa posho. Ada hutofautiana sana, kwa hiyo ulize kituo chenyewe, na uulize pia kama zamu za usiku zimehesabiwa ndani ya saa hizo.

Vabatimu ni nini, na kwa nini kila mtu anaiogopa?

Ni kumbukumbu ya mazungumzo yako na mgonjwa, neno kwa neno kadiri unavyokumbuka. Hutakiwi kurekodi kwa simu wala kuandika mbele ya mgonjwa. Unatoka, unatafuta kona, unanukuu mambo machache kabla hayajayeyuka, na siku hiyohiyo unaandika yote. Jina la mgonjwa hubadilishwa. Juu unaeleza ulichojua kabla ya kuingia na ulichokiona: pazia limefungwa, chakula hakijaguswa, picha ya mtoto mezani. Chini unaeleza ulichohisi, ulichofikiri kuhusu Mungu na mwanadamu katika mazungumzo yale, na ambacho ungefanya tofauti. Kila kauli hupewa namba. Kisha kikundi kinaisoma kwa sauti, kila mtu akichukua nafasi ya mmoja wa wazungumzaji.

Huu hapa mfano mfupi, niliotunga mwenyewe, lakini mwenye sura ya vabatimu nyingi za wiki ya kwanza (Ch ni chaplaini, M ni mgonjwa):

Ch1: Shikamoo mama. Mimi ndiye chaplaini wa wodi hii. Unaendeleaje?
M1: Marahaba mwanangu. Ndiyo hivyo. Daktari amesema kesho wanaukata huu mguu.
Ch2: Pole sana mama. Lakini Mungu ni mwema, na madaktari wa hapa ni hodari.
M2: (Anatazama dirishani.) Ndiyo. Ni mwema.
Ch3: Tuombe?
M3: Haya mwanangu, omba.

Ukiisoma haraka hakuna kosa. Kijana kaamkia vizuri, kampa mama pole, kamtaja Mungu, kaomba. Sasa isome polepole. Katika M1 mama amefungua mlango mpana. Hakusema "nafanyiwa upasuaji". Amesema "wanaukata huu mguu", huu, aliokuwa akiutazama. Katika Ch2 kijana ameufunga mlango. Ile "lakini" baada ya pole imeifuta pole yenyewe. Katika M2 mama ameondoka chumbani, amebaki mwili tu. Na ile "haya" ya M3 ni adabu ya mzazi anayempa mtoto anachokitaka. Sala ile ilikuwa ya nani?

Hapo msimamizi hatamwambia kijana alichopaswa kusema. Atamwuliza, "Uliposikia neno mguu, mwili wako ulifanya nini?" Kimya. Kisha huenda kijana akasema kwamba tumbo lilimkaza, akamkumbuka baba yake aliyerudi nyumbani kutoka hospitali bila mguu na hakuzungumza tena kama zamani. Basi. Kumbe "madaktari ni hodari" hayakuwa maneno ya kumfariji mama. Yalikuwa kinga ya kijana.

Kuna kitu kingeweza kusemwa? Pengine neno moja tu, "Kesho," kwa sauti ya chini, kisha kunyamaza. Pengine, "Huu mguu, mama." Mama angeendelea mwenyewe. Huenda angesimulia alikotembea nao. Baadaye sala ingekuja, na ingekuwa na kitu cha kumpelekea Mungu.

Vabatimu inaogopwa kwa sababu nyani haoni kundule, na hapa unaonyeshwa lako mbele ya watu watano. Usiandike vabatimu ya ziara iliyokwenda vizuri ili usifiwe. Lete ile uliyotoka nayo ukiwa na aibu. Na usirekebishe maneno yako kwenye karatasi. Msimamizi mzoefu huyajua mazungumzo yaliyopigwa pasi.

Msimamizi ni nani? Anapima imani yangu?

Ni mhudumu wa kiroho aliyepita njia hii mwenyewe, akaendelea kwa miaka zaidi ya mafunzo ya kusimamia wengine, na akathibitishwa na chama chake. Kwa kawaida mnakutana ana kwa ana saa moja kila wiki. Hapimi kama imani yako ni sahihi. Anatazama kama unaijua, kama unajua inavyoingia chumbani pamoja nawe, na kama unaweza kuizuia isimkanyage mgonjwa.

Kuna kipindi cha kikundi kisicho na mada. Kinafanya nini?

Mnakaa. Hakuna kitabu, hakuna mada, msimamizi hasemi sana. Dakika za mwanzo huwa na mzaha mwingi. Kisha mtu anasema, "Jana uliponikatiza niliumia," na kazi inaanza. Namna unavyokaa na wenzako ndivyo unavyokaa na wagonjwa. Anayewaokoa wenzake kila wanapotaka kulia atawaokoa wagonjwa pia, na watabaki na machozi yao. Anayekwepa ugomvi kikundini atakwepa chumba cha mgonjwa mwenye hasira.

Watu huuliza kama hii ni tiba ya nafsi. Si tiba, ingawa mambo ya moyoni hutajwa. Tofauti ni kwamba kinachotafutwa ni huduma yako: historia yako inaguswa pale inapokutana na mgonjwa, na hapo tu. Ninasema hili kwa mkazo kwa sababu katika yuniti yangu moja nilisukumwa nieleze jambo la utotoni ambalo halikuwa na uhusiano wowote na ziara iliyokuwa mezani. Nilieleza, nikatoka kama mtu aliyevuliwa nguo. Leo ningesema, "Hapo sitafika leo." Una haki ya kusema hivyo, na msimamizi mwema ataipokea kauli hiyo kama ishara ya kukua. Ukiona kuna kidonda kinachohitaji mtaalamu, tafuta mshauri nasaha nje ya mafunzo.

Nikiitwa usiku kwenye kifo nikiwa peke yangu, nifanye nini?

Utaitwa. Usiku wa kwanza wa zamu hakuna anayelala hata simu isipolia.

Kabla ya kuingia, mwone muuguzi. Uliza jina la marehemu, nini kimetokea, nani yupo ndani, na kama familia imeshaambiwa. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko yote. Kutangaza kifo ni kazi ya daktari, na si kazi yako hata ndugu wakikubana korido. Ukiulizwa, sema unakwenda kumwita daktari, na umwite kweli.

Nawa mikono. Ingia taratibu, jitambulishe kwa sentensi moja. Kisha tafuta mahali pa kukaa, kwa kuwa chaplaini aliyesimama anaonekana anataka kuondoka. Mtaje marehemu kwa jina. Usiseme Mungu amempenda zaidi, wala usiseme bora amepumzika. Jamaa wanaweza kuyasema hayo wenyewe, na wakiyasema waitikie, lakini yasianzie kwako. Kuna atakayelia kwa sauti, kuna atakayecheka, kuna atakayeuliza kuhusu gharama za hospitali. Wote wamefiwa. Mtafute yule aliyesimama pembeni ambaye hakuna anayempa pole. Mara nyingi ni mtoto, au mtu ambaye uhusiano wake na marehemu familia haitaki kuutaja.

Maji ya kunywa. Kiti. Mahali pa kupigia simu. Hizo nazo ni huduma za kiroho usiku ule. Uliza kama wangependa sala, na kama wangependa kiongozi wa dini yao aitwe. Usikimbilie kuwatoa chumbani. Ukimaliza, andika kwa ufupi kwenye jalada kama kituo chako kinavyoelekeza, kisha mpigie mtu. Wasimamizi wengi wako tayari kupigiwa hata usiku wa manane, lakini wanafunzi wapya hawapigi kwa sababu ya haya. Piga.

Mgonjwa akiwa wa dini nyingine, au hana dini?

Ni mgonjwa wako. Huendi kwake ili kumgeuza dini. Kuhubiria mtu aliyelazwa, asiyeweza hata kuinuka na kuondoka, ni kumvamia. Waliojiunga wakidhani watavuna roho wodini huwa na wakati mgumu, na wengine huacha. Wanaobaki hugundua kwamba Mkristo anaweza kukaa na Mwislamu anayekata roho, akahakikisha imamu ameitwa na kitanda kimeelekezwa kibla, asipoteze chochote cha imani yake. Usijifanye wa dini ya mgonjwa. Na usiombe sala ambayo huiamini. Unaweza kukaa kimya kwa heshima wakati wenyewe wanaiomba.

Lazima niwe nimewekewa mikono?

Hapana. Walei, watawa, Waislamu, Wayahudi, Wabudha na wasio na dini rasmi hupokelewa katika vituo vingi. Vituo vingine hudai kiwango fulani cha elimu au barua ya jumuiya yako ya imani.

Ni hospitali tu?

Hospitali ndiyo mahali pa kawaida zaidi. Lakini mafunzo hufanyika pia magerezani, katika nyumba za wazee, huduma za wanaokaribia kufa, vituo vya afya ya akili, hata parokiani, mradi pawe na watu wa kuhudumia na msimamizi anayestahili. Tangu janga la UVIKO-19 vikundi vingi hukutana kwa video. Vabatimu kwa video inakwenda vizuri. Kile kipindi kisicho na mada, kwa maoni yangu, kinapungua nguvu. Huwezi kuona mguu wa mwenzako ukitikisika.

Siri zinalindwaje ikiwa ninaandika mazungumzo?

Jina halisi, namba ya kitanda na lolote linaloweza kumtambulisha mgonjwa haliingii kwenye karatasi. Yasemwayo kikundini hayatoki kikundini. Kuna mipaka inayoelezwa siku ya kwanza: hatari ya mtu kujidhuru au kudhuru mwingine, na mtoto anayenyanyaswa. Hayo huripotiwa. Kwa hiyo usimwahidi mgonjwa, "Niambie lolote, halitatoka hapa," kabla hujasikia atakachosema. Na usimsimulie mwenzi wako wodi nzima mezani. Mwambie umechoka na kwa nini, hiyo inatosha.

Kwenye maombi wanataka niandike nini?

Historia ya maisha yako, safari yako ya imani, na tukio moja ambapo mtu alikujia akihitaji msaada, na ulivyofanya. Halafu usaili. Wengi huandika historia kama wasifu wa kazi: nilizaliwa, nikasoma, nikaitwa. Wasomaji wanatafuta kama unaweza kujitazama. Mistari mitatu ya kweli kuhusu hasara uliyowahi kuipata inawaambia mengi kuliko orodha ya vyeti.

Nimefiwa miezi miwili iliyopita. Nijiunge?

Ningekushauri ungoje. Msiba haukuondolei sifa, kwa kuwa wote tunaingia na misiba yetu, ila msiba mbichi humfanya kila mgonjwa awe marehemu wako. Zungumza na msimamizi kwa uwazi kabla ya kuamua. Wapo waliojiunga mapema wakafanya vizuri, lakini walikuwa na watu wa kuwaegemea nje ya kikundi.

Mtu anaweza kufeli?

Hakuna mtihani. Mwanzoni unaandika malengo yako ya kujifunza, katikati mnatathmini, mwishoni wewe na msimamizi kila mmoja anaandika tathmini. Unaweza kumaliza saa zote ukanyimwa yuniti ikiwa ulikataa kujifunza, au ukavunja maadili. Ni nadra.

Nikimaliza yuniti moja ninakuwa chaplaini kamili?

Hapana. Yuniti moja inamnufaisha mchungaji wa ushirika maisha yake yote, na madhehebu kadhaa huidai kabla ya kuwekewa mikono. Kwa uchaplaini wa kitaaluma, vyama vikuu vya Marekani hudai yuniti nne, sawa na saa 1,600, pamoja na shahada ya uzamili, idhini ya jumuiya ya imani na usaili mbele ya jopo. Nchi nyingine zina vigezo vyao.

Nilete nini siku ya kwanza?

Daftari dogo linaloingia mfukoni. Kadi ya chanjo, kwa kuwa hospitali itaiuliza. Saa ya mkononi, ili usiwe unachungulia simu mbele ya mgonjwa. Na viatu vyenye soli laini visivyogonga sakafu, kwa ajili ya yule aliyefanikiwa kupata usingizi saa tisa usiku wakati wewe ukipita mlangoni pake kwenda kwa mwingine.